Ahadi Tuliyoiacha Mwanhuzi

 

Ijumaa moja, baada ya Swala, mzazi mmoja alimsubiri mmoja wetu nje ya msikiti hapa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, kisha akafuatana naye hadi nyumbani ili tumsikilize sote wawili, mume na mke. Binti yake alikuwa amehitimu masomo ya utangazaji na amepata nafasi ya kujifunza kazi katika redio ya umma, upande wa vipindi vya muziki. Mzazi yule alikaa, akanywa maji, akatuuliza swali lililomkosesha usingizi: "Ndugu zangu, riziki ya kazi hiyo ni halali?"

Alituuliza sisi kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyotulea. Mume, mzaliwa wa Tanga, aliifanya kwa zaidi ya miaka 20: kutafuta wanamuziki, kuwahoji, kurekodi nyimbo zao na kutayarisha vipindi. Mke, mzaliwa wa Meatu, hakuwa mwajiriwa wa redio, lakini kila tulipokuja Usukumani yeye ndiye aliyekuwa mkalimani na mwandishi. Mume hakukijua Kisukuma, na pasipo mke asingepata hata neno moja la maana. Kwa hiyo tunaposema "kazi yetu" hatutii chumvi.

Tulimjibu mzazi yule kwa ufupi siku ile, tukamwahidi jibu refu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, na tumeona yasiishie kwake, kwani wazazi wenye swali kama lake ni wengi.

Tuanze na lile aliloliuliza. Kuhusu muziki, wanazuoni wetu wamehitilafiana tangu zamani, na si kazi ya familia moja ya Mwanhuzi kuwapatanisha. Wako waliokataza ala karibu zote. Wako waliotazama maneno, mahali na hali ya msikilizaji kabla ya kutoa hukumu, na Imamu Ghazali aliliandikia suala la usikilizaji sehemu nzima katika kitabu chake kikubwa cha Ihyaa. Sote tunaijua habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya wasichana wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Bi Aisha (RA), na jinsi Mtume (SAW) alivyomtaka Abubakar (RA) awaache. Sisi tulijiwekea mipaka: hatukurusha wimbo wa matusi, wa kusifu ulevi wala wa kudhalilisha mtu, na wakati wa Swala ulipofika tuliweka vifaa chini. Ambaye sheikh wake amemwelekeza kwenye msimamo mkali zaidi, tunamheshimu na hatumshawishi auache.

Lakini tulimwambia mzazi yule kwamba katika miaka yote hiyo, jambo lililotuchoma halikuwa hilo. Lilikuwa jingine, na kabla ya kulieleza ni vyema msomaji afahamu kazi yenyewe ilivyo.

Watu wengi hudhani mtayarishaji wa vipindi vya muziki hukaa studioni na kucheza nyimbo. Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuuliza: Wimbo huu nani aliutunga? Aliutunga mwaka gani, kwa tukio gani? Kwa nini huimbwa wakati wa palizi na hauimbwi wakati wa mavuno? Kisha huja kurekodi, kwa kinasa sauti na kipaza sauti kilichofunikwa ili upepo usikivurugie. Kisha huja kuhariri: kuondoa kikohozi, mlio wa pikipiki, jogoo, maneno yaliyorudiwa. Mwishowe saa tatu za mazungumzo hubaki dakika chache, na msikilizaji hudhani ndivyo zilivyokuwa tangu mwanzo.

Kazi hiyo ina uzito wa pekee katika redio ya umma. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, redio pekee ya ndani upande wa Bara mpaka vituo vya binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990. Kwa kuwa hapakuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri nchini, bendi nyingi zilirekodi katika studio za redio hiyo. Kwa hiyo maktaba ya kanda za redio ikawa kumbukumbu ya taifa. Hata ngoma zilizotangulia taarifa ya habari, ambazo watu wa rika letu hawajazisahau, zilikuwa mikono ya mtu mwenye jina: Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji ngoma asiyeona. Mamilioni waliisikia kazi yake kila siku, na bado wapo wengi waliofariki bila kujua ni nani aliyekuwa akipiga.

Jina ni jambo kubwa. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, jina lake liliandikwa juu ya sahani, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Ndiyo maana leo tunaweza kumtaja na kumwombea rehema. Wakulima na wafugaji walioimba mbele ya vipaza sauti vya wageni na vya redio hawakupata bahati hiyo mara nyingi. Waliandikwa kwa jina la kabila, basi.

Sasa tuje kwenye habari yetu. Mwaka 2009, msimu wa pamba ulipokuwa ukiisha, tulikuja Mwanhuzi kuwaona wazazi wa mke. Meatu wakati huo ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Tulipitia Kolandoto na Lalago kwa basi lililojaa vumbi, na ndani ya begi, katikati ya nguo za watoto, mlikuwa na kinasa sauti.

Wakwe walituelekeza kwa mzee mmoja aliyeishi nje kidogo ya mji. Enzi za ujana wake alikuwa manju wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe ambayo vijana wa Kisukuma huicheza wakilima kwa pamoja, shamba la huyu leo, la yule kesho. Hakuwa Muislamu, alishika desturi za wazee wake. Alitupokea kwa salamu ndefu, akatukalisha chini ya mti, akauliza habari za ukoo mmoja baada ya mwingine mpaka akapata mahali ambapo ukoo wake na wa mke wetu huyu walipata kuoana. Hapo tukawa si wageni tena.

Aliimba kwa saa mbili. Hakuwa na ngoma wala vijana wa kumwitikia, alikuwa akigonga bapa la jembe kuukuu kwa kipande cha chuma, na mjukuu wake mdogo akijaribu kuitikia. Aliimba nyimbo za kulima, aliimba juu ya mwaka wa njaa, aliimba utani kwa washindani wake waliokwisha kufa wote. Mume alishika kipaza sauti na mke aliandika katika daftari la shule, maneno ya Kisukuma upande mmoja, tafsiri ya Kiswahili upande wa pili. Jua lilipokuwa likishuka mkewe mzee aliita kutoka jikoni kwamba chakula ni tayari. Mzee akajibu, akamalizia ubeti, nasi tukazima mashine.

Tulikula pamoja. Tulipotoa bahasha ya kumshukuru aliirudisha. Alisema hivi, kwa Kisukuma, nasi tunayaandika kwa Kiswahili: "Fedha mpeni mtoto anunue daftari. Mimi nileteeni hiyo sauti niisikie. Watu wote hapa wameisikia sauti yangu isipokuwa mimi."

Tukamjibu: "Inshaallah, baba. Tutakuletea."

Ndugu msomaji, tulilitamka neno hilo tukiwa tumesimama mlangoni kwake, kwa tabasamu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Kahf, imetufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho ila tuliambatanishe na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ni mafunzo ya unyenyekevu na ya azma: mja anaazimia kwa moyo wote, kisha anakiri kwamba kufanikiwa kuko kwa Mola wake. Lakini sisi, kama wengi wetu mitaani, tulikuwa tumeligeuza neno hilo kuwa njia ya adabu ya kuondoka. Tulisema "Inshaallah" kwa maana ya "tutaona".

Kipindi kilirushwa, kikapendwa, kikarudiwa. Barua na simu za wasikilizaji zilikuja kutoka mikoa kadhaa, na mmoja wetu alipongezwa kazini. Mzee hakukisikia. Baadaye tuliambiwa kwamba wiki ile redio yake haikuwa na betri, na siku ya marudio alikuwa machungani. Majirani ndio waliomweleza kuwa amesikika nchi nzima.

Kumpelekea sauti lilikuwa jambo la kunakili santuri moja na kuikabidhi kwa dereva wa basi. Hatukulifanya mwezi ule kwa sababu ya kazi, na mwezi uliofuata kwa sababu ya Ramadhani, na baada ya Idi kwa sababu ya ada za shule. Kisha hatukuwa na sababu, tukawa tumesahau tu. Kosa hilo hatuwezi kumtupia mkubwa wetu yeyote kazini wala ofisi yoyote. Ahadi ilikuwa yetu.

Mwaka 2015 tulikuja tena Mwanhuzi kwa msiba wa mkwe wetu. Katika mazungumzo ya matanga mtu akasema, bila kujua anachotufanyia, kwamba yule manju naye alifariki mwaka uliopita, na kwamba hadi alipoanza kuugua alikuwa akiuliza kama watu wa redio wamepita.

Usiku ule hatukulala. Tulikumbushana alama tatu za mnafiki alizozitaja Mtume (SAW): kusema uongo, kuvunja ahadi na kuhini amana. Mbili kati ya hizo zilikuwa mikononi mwetu, kwa mtu mmoja.

Asubuhi tulimwendea sheikh wetu. Mmoja wetu, kwa udhaifu wa nafsi, alidokeza kwamba marehemu hakuwa Muislamu, kana kwamba hilo lingepunguza deni. Sheikh alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama tunakumbuka ni kwa nini Ali (RA) alibaki Makka usiku wa Hijra. Tulikumbuka. Alibaki, pamoja na mengine, ili arudishe amana ambazo watu wa Makka waliziweka kwa Mtume (SAW), na wenye amana hizo wengi wao walikuwa katika safu za waliompinga. Mtume (SAW) alikuwa akikimbia watu waliotaka kumuua, na mali zao hazikukimbia pamoja naye. "Haki ya mja haiulizi dini yake," sheikh alisema. "Nendeni kwa warithi."

Tulirudi Dar es Salaam, tukatafuta kipindi kile, tukakinakili, na katika mwezi huohuo tukafunga tena safari ya Mwanhuzi. Mjane alitupokea chini ya mti uleule. Tulimweleza kosa letu bila kulipamba, tukamkabidhi kiasi cha fedha ambacho wanawe waliafiki kuwa ni haki ya jasho la baba yao, kisha tukawasha mashine. Wajukuu walikusanyika. Sauti ya mzee ilitoka, na jembe likalia. Mjane alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa mpaka wimbo wa mwisho ukakoma.

Akauliza: "Mbona si mwisho huu? Hapa nilimwita chakula, naye akanijibu. Yako wapi?"

Mume alijua yaliko. Aliyakata. Katika uhariri, mwito wa mwanamke kutoka jikoni na jibu la mzee yalihesabiwa kuwa dosari, yakaondolewa ili ubeti uishe vizuri. Na kadi ya kinasa sauti iliyokuwa na mazungumzo yote ya siku ile tulikwisha kuifuta na kuitumia kwa safari nyingine, maana tulikuwa na kadi mbili tu. Tulimwambia ukweli huo, na ulikuwa mzito kuusema kuliko ule wa kwanza. Wimbo tulikuwa tumechelewa kuurudisha; lakini neno ambalo mume alimjibu mkewe tulikuwa tumelipoteza.

Ndipo mke alipotoa daftari lake la shule kwenye mkoba. Alikuwa na mazoea ya kuandika kila alichokisikia, kiwe cha wimbo au kisiwe. Alifungua ukurasa wa mwisho wa siku ile na kumsomea mjane kwa Kisukuma mstari alioukuta: mama anaita chakula; mzee anajibu, subiri kidogo, wageni hawa bado hawajashiba.

Mjane alicheka, akajifunika uso kwa khanga, akaomba usomwe tena. Ukasomwa mara tatu. Kisha tukamwomba msamaha, kama sheikh alivyotuelekeza. Alitujibu kwa upole: "Yangu nimewasamehe. Yake mtamwambia wenyewe."

Hatujapata jibu la maneno hayo mpaka leo. Tunatoa sadaka, tunaomba maghufira kwa Allah (SW), na tunajua kwamba Siku ya Kiyama haki za waja zitadaiwa na wenyewe. Mtume (SAW) ametuhadharisha na muflisi anayekuja siku hiyo na Swala na Saumu na Zaka, kisha mema yake yakagawiwa kwa watu aliowadhulumu. Tulikuwa tukidhani muflisi huyo ni mwizi au mpiga watu. Hatukudhani anaweza kuwa mtu mpole mwenye kinasa sauti.

Kosa letu si letu peke yetu katika kazi hii. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akirekodi nyimbo za watu, na kanda zake zikahifadhiwa huko Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha. Miaka zaidi ya 60 baadaye watunzaji wa maktaba hiyo walishirikiana na wenzao wa Kenya kurudisha sauti hizo vijijini, na miongoni mwa Wakipsigis walikutwa wazee waliokuwa wangali hai, waliorekodiwa wakiwa vijana. Wengine wengi hawakuwahi. Habari hiyo ilitupa faraja kwamba kurudisha kunawezekana, na hofu kwamba umri haumsubiri mtu.

Tangu mwaka 2015 hadi mmoja wetu alipostaafu, tulibadili namna ya kufanya kazi, na haya ndiyo tuliyomwandikia binti wa mzazi yule. Kwanza, aandike jina kamili la kila mwenye sauti, na alitamke hewani kila wimbo unapopigwa. Pili, asiondoke nyumbani kwa mtu kabla hajamsikilizisha sauti yake na kumwachia nakala. Siku hizi simu ya kijana yeyote wa nyumba ile inaweza kuipokea. Tatu, asifute rekodi ya awali, hata kama kipindi kimekwisha kurushwa, kwani hajui ni kikohozi cha nani ambacho familia itakitafuta kesho. Nne, aijue Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotambua haki za watunzi na wasanii, wala asingoje mkulima asiyejua kusoma aje kumdai. Tano, akisema "Inshaallah", aandike tarehe chini yake.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto anapopata kazi huwa tunamuuliza mshahara ni kiasi gani, na wacha Mungu zaidi humuuliza kama ni halali. Ni vyema tumuulize pia: katika kazi hiyo utashika amana ya nani, na utairudisha lini? Swali hilo linamfaa mtangazaji, linamfaa mwanasheria, karani wa pamba na fundi cherehani.

Kwa mzazi aliyetusubiri nje ya msikiti, jibu letu ni hili. Kuhusu ala na nyimbo, mwendee sheikh unayemwamini na mfuate. Kuhusu kazi yenyewe, usimwogopee binti yako kwa kuwa atasikiliza sauti za watu. Mwogopee kama atazichukua na asizirudishe.

Daftari lile la shule bado tunalo. Ukurasa wa mwisho wa siku ile tumeunakili kwa mwandiko mzuri na kumpelekea mjane, ambaye hajui kusoma. Ameuweka kwenye sanduku lake, na mjukuu aliyekuwa akiitikia siku ile, ambaye sasa ni kijana mkubwa, humsomea akitaka.

Tunamwomba Allah (SW) atusamehe tuliyoyapuuza, atujaalie kutimiza ahadi zetu tungali hai na wenyewe wangali hai, na aibariki riziki ya watoto wetu. Aamin.